"Samaki hawajafa" si jibu

Wiki iliyopita nilikuwa Ubaruku, wilayani Mbarali, kwenye mpunga wetu. Jioni, narudi kwa kufuata mfereji, nikamkuta kijana anasuuza pampu ya mgongoni ya kupigia dawa ya magugu. Ameizamisha yote, anaitikisa, na maji meupe kama ya kuoshea mchele yanampita miguuni na kufuata mkondo. Hatua kama thelathini chini yake watoto watatu wana ndoano. Mmoja ameshapata perege wawili, kawatunga kwenye ujani.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, hiyo dawa inakwenda kwa samaki." Akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, mwaka wa nne huu naoshea hapahapa. Samaki hawajafa."

Jibu hilo linanikera kwa sababu nimelisikia kwa wazee, kwa wenye maduka ya pembejeo, hata kwa watu waliosoma. Tumezoea kwamba sumu lazima imfanye samaki aelee tumbo juu, ndipo tuiite sumu.

Chini ya ubongo wa perege kuna tezi ndogo, pituitari, ambayo ukimpasua jikoni hutaiona. Seli zake zimegawana kazi. Hizi zinatoa homoni ya kukua, zile za kuamsha mayai na manii, nyingine zinamsaidia kuhimili misukosuko, nyingine zinamzuia asipoteze chumvi za mwili akiwa mtoni. Kemikali haina haja ya kumuua. Inatosha ifanane na homoni yake mwenyewe. Seli za uzazi husikiliza kwenye damu ovari zimefikia wapi. Ikipita kemikali inayojifanya estrojeni, yaani homoni ya kike, seli zinaweza kudhani kazi imeshafanyika, zikapunguza ishara zake. Samaki anaogelea, anakula, ananasa kwenye ndoano ya mtoto. Msimu wa kutaga unapita hivihivi.

Huko Ontario, Kanada, walilijaribu jambo hili kwenye ziwa zima, linaitwa Ziwa 260. Kuanzia 2001 hadi 2003 walitia estrojeni ya vidonge vya uzazi wa mpango, kiasi cha nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita. Gramu moja ina nanogramu bilioni moja! Madume ya samaki wadogo wa humo wakaanza kutengeneza protini ya kiini cha yai. Madume! Uzazi ukaharibika, na samaki hao wakakaribia kutoweka ziwani. Baada ya estrojeni kusimamishwa, walirudi, lakini ilichukua miaka. Kule kulikuwa na watafiti wa kuwahesabu. Kwenye mfereji wetu anayehesabu ni yule mtoto mwenye ujani.

Na maji hayaishii Ubaruku. Yanateremka ardhioevu ya Ihefu, yanashika mto Ruaha Mkuu hadi bwawa la Mtera, ambako kuna familia zinazosomesha watoto kwa perege na kambale.

 

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba palizi ya jembe la mkono kwa bei ya vibarua ya sasa haiwezekani. Hata sisi nyumbani tunapiga dawa. Ninachoomba ni kitu kidogo: pampu isuuzwe shambani, mara tatu, na maji ya kusuuzia yapigwe kwenye majaruba yaleyale. Ni ndoo mbili tatu za kubeba.

Skimu yetu ya umwagiliaji inamtoza faini anayefungua maji zamu isiyo yake. Nimemshuhudia mzee wa heshima akilipa mbele ya mkutano, kimya, kofia mkononi. Kwa anayeoshea pampu mferejini hakuna faini wala karipio.

Kamati inakutana Jumamosi na nimeomba nafasi ya kuzungumza. Yule kijana nimemwomba aje akae nami. Amekubali, mradi nisimtaje jina.