Si ukubwa wa diski ulioipa Blu-ray ushindi
Makala moja inadai kwamba katika ushindani wa aina mbili za diski za filamu za ubora wa juu, Blu-ray iliishinda HD DVD kwa sababu tu diski yake ilibeba data nyingi zaidi; hayo ni maelezo mepesi mno. Ni kweli kwamba tabaka moja la Blu-ray lilibeba gigabaiti 25 na la HD DVD 15, lakini zote mbili zilisomwa kwa leza ya aina moja, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 405, na filamu ya saa mbili iliyobanwa kwa mbinu mpya za wakati ule ilienea vizuri katika gigabaiti 30 za HD DVD yenye matabaka mawili. Kilichoamua, kwa maoni yangu, ni PlayStation 3: kuanzia Novemba 2006 Sony iliuza mashine ya michezo ambayo tayari ilikuwa na kisomaji cha Blu-ray ndani yake, ilhali mwenye Xbox 360, mashine ya michezo ya Microsoft, alilazimika kununua kando kifaa cha HD DVD, hivyo watu wengi wakajikuta na Blu-ray sebuleni hata kabla ya kuwa na haja nayo (nami nilikuwa mmoja wao). Studio ya filamu ya Warner Bros. ilipotangaza mwanzoni mwa Januari 2008 kwamba ingeiacha HD DVD, Toshiba, kampuni iliyoongoza upande wa HD DVD, haikustahimili hata miezi miwili. Ilisalimu amri tarehe 19 Februari. Je, wasomaji mlionunua mashine za HD DVD, bado mnazitumia, au zimebaki pambo la kabati?