Herufi Mbili Mgongoni mwa Chipu Si Jina

Kijana mmoja aliuliza kipande cheusi chenye miguu mitatu, kilichoandikwa A1, ni kitu gani. Akajibiwa kwa neno moja: mosfeti, yaani aina ya transista, swichi inayoendeshwa kwa volti. Aliyemjibu hakutaka kujua kimetoka kwenye bodi gani, kilikaa jirani na nini, wala miguu yake inaelekea wapi. Jibu la namna hiyo linaniudhi, na linaniudhi zaidi likitoka kwa fundi mzoefu, maana yeye anajua.

Tuichukue hiyohiyo A1. Kwenye kasha la SOT-23, lile dogo la miguu mitatu, A1 ni alama ya Si2301 ya kiwanda cha Vishay, mosfeti ya aina ya P. Kwenye kasha lilelile, A1 ni alama ya BAW56 ya viwanda vingine: diodi mbili (diodi hupitisha umeme upande mmoja tu) zinazochangia anodi, mguu ambao umeme huingilia. Viwanda vyote viko sahihi. Hakuna daftari la dunia nzima linalogawa herufi hizi. Kila kiwanda hujipangia zake na kuzieleza kwenye datashiti zake, yaani karatasi za maelezo ya kila kipande. Kwa hiyo ukiulizwa "A1 ni nini?" bila maelezo mengine, jibu la kweli ni kwamba bado haijulikani.

Na kuzitenganisha hizo mbili ni kazi ya mita na dakika moja. Ing'oe kwenye bodi, weka mita kwenye kipimo cha diodi, waya mwekundu kwenye pini (mguu) ya 3, mweusi kwenye pini ya 2. Zote mbili zitasoma kama diodi, kwa sababu mosfeti nayo ina diodi ndani yake kati ya dreni na sosi, miguu miwili ambayo umeme hupitia. Hapo ndipo wengi huacha. Usiache! Hamisha waya mweusi uende pini ya 1. BAW56 itasoma tena, karibu volti 0.6, lakini mosfeti isiyoharibika haitasoma kitu, kwa kuwa pini hiyo ni geti, mguu wa kuiendesha, na geti limekingwa lisipitishe umeme. Kipimo hicho kimoja kingemtosha yule kijana. Kwa nini tusimfundishe hicho badala ya kumtupia neno?

Hata nafasi ya herufi ina uzito. Kiwanda cha NXP (vipande hivi sasa ni vya Nexperia) kiliandika 1A kwenye transista ya BC846A kisha kikaongeza herufi ya mahali ilikotengenezwa: p, t au W. Kwenye PMBT3904 yake, herufi hiyo hutangulia, kisha ndiyo 1A. Zote ni transista za aina moja, NPN, na pini zake zimepangwa sawa. Lakini BC846A huhimili volti 65 kati ya kolekta na emita, miguu yake miwili ya kupitisha umeme, na 3904 huishia 40. Ukiichomeka 3904 kwenye saketi ya volti 50 kwa sababu uliona "1A", usishangae ikikufia.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba viwanda havina pa kuandika. Kasha lenyewe lina urefu wa kama milimita 3. Huwezi kutaka jina zima hapo. Kwenye chipu kubwa, ambako nafasi ipo, bado watu hujichanganya: 7432 inaweza kuwa chipu ya mageti manne ya OR (saketi za mantiki, si geti la mosfeti), au tarehe tu, yaani wiki ya 32 ya mwaka 1974. Na ukikuta C1815, jua ni transista ya 2SC1815. Wajapani hawaiandiki ile 2S ya mwanzo.

Nisichokubali kabisa ni kusugua. Nazungumzia wale wanaochukua chipu yenye maandishi kamili na kuyafuta kwa makusudi kabla ya kuuza kifaa. Wanasema wanalinda ubunifu wao. Mshindani mwenye maabara ataifungua chipu hiyo na kuisoma kwa hadubini. Anayeumia ni mwenye kifaa, ambaye regulata yake, chipu ya kudhibiti volti, imeungua na fundi wake hana pa kuanzia. Kifaa kizima kinatupwa kwa ajili ya kipande kidogo kuliko ukucha. Mtu akishanunua kitu, ana haki ya kujua kilichomo ndani.

Kwa hiyo ukitaka nikusaidie kutambua chipu, nitumie picha ya bodi nzima, si ya herufi peke yake. Onyesha njia za shaba zinazotoka kwenye kila mguu. Niambie volti zilizopo kwenye kila pini kama bodi bado inawaka. Alama tutaisoma pamoja, baada ya hayo.