Simba aonekane akiingia

Makala yenu inasema katuni ya Sungura haiwachekeshi watoto kwa sababu hadithi imechakaa. Sikubali. Katuni ndiyo iliyokatwa vibaya.

Ni ile ya Unguja, ya asali ya Simba. Sungura na Buku, yule panya mkubwa, wanapanda mtini, wanafukuza nyuki kwa mwenge, wanalamba asali, mara mwenyewe huyo chini. Sungura anafungwa ndani ya majani makavu, Simba anaambiwa akae kando majani yatupwe, Sungura huyoo! Anayeuawa ni Buku, maskini. Hapo pita haraka.

Utamu uko mwishoni, Simba anapojificha nyumbani kwa Sungura. Katuni, kama mlivyoieleza, inamtoa ghafla ili tushtuke. Kosa ni hilo. Mtoto lazima amwone akiingia, ndipo kila "Hujambo, nyumba!" imkae tumboni. Sungura anaita, kimya. Anaita tena, kimya. "Ajabu, kila siku nyumba yangu huitika!" Ndipo Simba, kwa sauti nzito: "Sijambo!" Baada ya kila mwito hesabu moja hadi tatu kimoyomoyo, ukiharakisha, kicheko hakiji.

Tena, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea" ni jibu la wasikilizaji. Kumpa msimulizi aseme yote peke yake ni sawa na kupiga hodi ukajikaribisha mwenyewe. "Paukwa!" ikijibiwa kwa "Pakawa" dhaifu, rudia kabla hujaanza, hao hao ndio wa kumcheka Simba baadaye.