Kutu Si Kumbukumbu ya Baba

Peugeot 504 ya marehemu baba ilikaa miaka tisa chini ya mwembe, nyumbani Tanga. Kila nilipokwenda nilikuta majani yamejazana chini ya kioo cha mbele, hewa ya chumvi inazidi kula milango, na mama anasema tuiache kama alivyoiacha mwenyewe. Nilimkubalia muda mrefu. Sasa naamini tulikosea. Baba hakuiacha vile. Aliiacha inatembea.

Nikaamua kuifufua. Lakini kabla ya spana kulikuwa na mirathi. Kadi ya gari ilikuwa bado na jina lake, na gari la marehemu ni la warithi wote. Ukitia fedha zako kabla mahakama haijamthibitisha msimamizi wa mirathi na ndugu hawajakubaliana, unajitafutia ugomvi. Sisi tulikaa, tukakubaliana, tukaandikiana.

Kisha nikaanza kutenganisha kazi ya mkono wa baba na kazi ya mvua. Kirungu cha gia, kile cha kwenye usukani, kimelainika kwa kiganja chake. Kiti cha dereva kina kiraka alichokishona mwenyewe kwa uzi wa nyavu. Mlango wa nyuma una bonde la siku tuliyopakia magunia ya machungwa Muheza. Hivyo sivigusi, hata fundi anung'unike vipi. Lakini kutu ilikuja baba alipokwisha kuondoka. Kuilinda kwa jina la heshima yake ni kumsingizia uzembe ambao hakuwa nao.

Na kutu kwenye 504 si suala la sura. Gari hili halina chesisi ya peke yake kama Land Rover za zamani. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kingo za chini ya milango zikiliwa, ukazijaza puti na kupiga rangi, gari litang'aa huku halina mgongo. Tulikata chuma kibovu chote tukachomelea kipya. Hapo ndipo fedha nyingi zilipokwenda, wala sijutii hata shilingi. Rangi mpya tumepiga pale palipokatwa tu. Imetofautiana kidogo na ya zamani, nami nimetaka ionekane hivyo.

Karibu kila gereji walinishauri nitoe injini niweke ya Toyota. Kwa gari la biashara ningekubali, spea zake zipo kila kona. Lakini injini ya baba inajengeka: slivu zake, yaani mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinachomoka, kwa hiyo silinda zikichakaa unaweka slivu na pistoni mpya bila kuchonga bloku. Udhaifu wake ni silinda hedi ya aluminiamu, kile kifuniko cha juu ya injini, ambayo ikichemka inapinda. Gari hizi zilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na nadhani sifa hiyo ya ugumu imewaponza wengi. Walidhani hazihitaji kutazamwa.

Baba alitazama. Hatukuondoka asubuhi hata moja kabla hajafungua rejeta kuangalia maji, sisi watoto tumebanana ndani tunanuna kwa joto. Mwezi uliopita fundi alishusha hedi, akaisafisha, akaweka rula juu yake na kunimulikia tochi kwa upande wa pili. Mwanga haukupenya popote. Baba hakuwahi kuichemsha.