Uzito Umeshuka, Je, Mashine Irudi Kabatini?

Desemba 2024, FDA, yaani mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliidhinisha tirzepatidi, sindano ya kupunguza uzito inayouzwa kwa jina la Zepbound, iwe dawa ya kwanza ya kutibu tatizo la pumzi kukatika usingizini kwa watu wazima wenye unene uliokithiri. Tangu hapo kuna mgonjwa wa aina moja anayezidi kuonekana nchini humo. Amelala miaka kadhaa na barakoa usoni na bomba la hewa kifuani. Kisha akajidunga sindano mara moja kwa wiki kwa muda wa mwaka, akapungua kilo ishirini na zaidi, mkewe akamwambia hakoromi tena, naye sasa anaitazama mashine ya CPAP, ile inayomsukumia hewa kooni usiku, iliyo pembeni ya kitanda na kujiuliza kama bado ana deni nayo. Wapo wanaomwambia deni limekwisha. Wapo pia wanaomwambia asubiri, na hao ndio wanaochukuliwa kuwa wamepitwa na wakati, watu wanaong'ang'ania chombo ambacho Colin Sullivan alikibuni kule Sydney mwaka 1980. Nadhani hawajasikilizwa vizuri.

Hata hivyo hoja ya wenye haraka si nyepesi. Mashine haigusi chanzo cha ugonjwa: inasukuma hewa ili koo lisizibe, na asubuhi ikivuliwa koo linabaki lile lile la jana. Sindano, kwa wale ambao chanzo chao ni mafuta, inaliendea koo lenyewe. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwapiga picha watu 67 wenye unene na tatizo hili, kabla na baada ya kupunguza takriban asilimia 10 ya uzito, wakakuta kwamba badiliko lililohusiana zaidi na nafuu yao lilikuwa kupungua kwa mafuta ndani ya ulimi. Ni wachache wanaofahamu kwamba ulimi nao hunenepa. Isitoshe, mashine isiyovaliwa haimsaidii mtu yeyote. Katika utafiti wa SAVE uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 2,717 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, mashine haikuonekana kupunguza mashambulizi ya moyo wala kiharusi, na wastani wa kuivaa ulikuwa saa 3.3 kwa usiku. Mtu anayelala saa saba alikuwa analindwa kwa chini ya nusu ya usingizi wake. Sindano haivuliwi saa nane za usiku kwa sababu pua imekauka.

Wenye haraka wanautegemea pia utafiti uliozaa idhini hiyo, uitwao SURMOUNT-OSA, uliochapishwa mwaka 2024 ukiongozwa na Atul Malhotra wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Ulikuwa na washiriki 469 katika makundi mawili: wasiotumia mashine na wanaoitumia. Baada ya wiki 52, waliodungwa dawa walikuwa wamepungua asilimia 17.7 ya uzito katika kundi la kwanza na 19.6 katika la pili. Idadi ya pumzi kukatika au kufifia kwa saa, ambayo madaktari huiita AHI, ilishuka kwa 25.3 katika kundi la kwanza na 29.3 katika la pili, ilhali kwa waliodungwa sindano isiyo na dawa ilishuka kwa tano na ushei tu. Karibu asilimia 42 ya waliopewa dawa katika kundi la kwanza, na asilimia 50 katika la pili, walifikia hali ambayo daktari angeweza kuwaambia kwamba huenda hawahitaji tena mashine. Kabla ya hapo hakuna dawa iliyokuwa imeidhinishwa kwa tatizo hili, na kuyakana mafanikio hayo ni ukaidi.

Lakini hesabu ile ile inahitaji kusomwa hadi mwisho. Kundi la kwanza lilianza na wastani wa AHI ya 51.5. Toa 25.3, unabaki na takriban 26. Kwa vipimo vya kawaida, AHI ya 5 hadi 15 ni tatizo dogo, 15 hadi 30 ni la kati, na zaidi ya 30 ni kali. Maana yake ni kwamba mshiriki wa wastani, baada ya mwaka mzima wa sindano na baada ya kupungua karibu sehemu moja kati ya sita ya mwili wake, alitoka kwenye ugonjwa mkali akaingia kwenye ugonjwa wa kati. Pumzi yake bado ilikuwa inakwama au kufifia kila baada ya dakika mbili na sekunde kadhaa, na kwa usiku wa saa nane hiyo ni zaidi ya mara 200. Laiti mtu huyo angefika hospitali kwa mara ya kwanza akiwa na AHI ya 26 bila historia yoyote, daktari yule yule anayempongeza leo angemwandikia mashine kabla hajatoka mlangoni. Sielewi kwa nini namba moja iwe ugonjwa kwa mgonjwa mpya na iwe uponyaji kwa mgonjwa wa zamani.

Atakayepinga atasema kwamba wastani ni mtu asiyekuwepo, na hapo atakuwa na haki. Kama zaidi ya asilimia 40 walikaribia kupona, basi wastani wa waliobaki ulikuwa juu ya 26, na baadhi yao walikuwa juu sana. Jibu hilo, hata hivyo, linaipa nguvu hoja ya kusubiri, kwa sababu kwa kumtazama mgonjwa usoni, au kwa kusoma mizani yake, hatuwezi kujua yumo katika kundi lipi. Wapo waliopungua sana ambao umbo la taya lao, au jinsi ubongo wao unavyoongoza upumuaji, linaendelea kuwakatia pumzi. Wapo pia waliopungua kidogo wakapona. Mizani haipimi koo.

Ushahidi wa mke naye una mipaka yake. Kwetu kukoroma ni kichekesho; anayekoroma husemwa kuwa amelala fofofo, na akiacha, nyumba nzima hushukuru. Lakini mtu anaweza kuacha kunguruma huku pumzi ikiendelea kufifia kimya kimya. Tena wagonjwa wengi wenye AHI kubwa hawahisi usingizi mchana, jambo linalofanya kauli ya "mbona najisikia vizuri" kuwa kipimo dhaifu.

Chanzo cha kosa kinachonisumbua zaidi kimo ndani ya mashine yenyewe. Mashine za siku hizi huonyesha asubuhi, kwenye kioo chake au kwenye simu, namba ya AHI ya usiku uliopita. Mgonjwa anaona 1.8, anakumbuka kwamba alipopimwa mara ya kwanza alikuwa na 50, anajumlisha na kilo alizopunguza, kisha anahitimisha kwamba amepona. Namba hiyo inamwambia kwamba mashine inafanya kazi. Haimwambii kitu kuhusu usiku atakaolala bila hiyo mashine. Ni sawa na mtu aliye chini ya mwavuli anayegusa shati lake kavu na kutangaza kwamba mvua imeanuka. Ndiyo maana watumiaji wa mashine katika SURMOUNT-OSA waliombwa kuiacha kwa siku saba kabla ya kupimwa. Mgonjwa wa kawaida naye anahitaji kipimo cha namna hiyo, kilichopangwa na daktari wake, na mara nyingi kinaweza kufanyika nyumbani kwa kifaa kidogo cha kidoleni na kifuani.

Hali hii huwa ngumu zaidi kwa sababu ambayo haizungumzwi vya kutosha: mashine huanza kuudhi kadiri mtu anavyopungua. Mashavu hupungua, barakoa iliyokuwa ikikaa vizuri ikaanza kuvuja hewa kuelekea machoni. Shinikizo lililowekwa kwa ajili ya shingo nene likawa kubwa mno kwa shingo nyembamba, mtu akameza hewa na kuamka tumbo limejaa. Dawa hizi nazo, hasa mwanzoni, huchelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hiyo gesi hukutana na tumbo ambalo tayari ni zito. Mgonjwa anayeudhika hivyo husema mwili wake unaikataa mashine kwa kuwa hauihitaji tena. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi anachohitaji ni barakoa ya saizi ndogo na shinikizo lililopunguzwa, kazi inayoweza kumalizwa kwa miadi moja. Hapa ndipo watetezi wa mashine wanapostahili lawama, kwani baadhi yao wanahubiri uvumilivu bila kurekebisha kifaa, kisha wanashangaa kikirudishwa kwenye boksi.

Lililo gumu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kudumisha uzito. Swali la mashine huulizwa wakati uzito uko chini kabisa, kana kwamba siku hiyo itadumu. Katika utafiti wa SURMOUNT-4, uliochapishwa Desemba 2023, washiriki walitumia tirzepatidi kwa wiki 36 wakapungua wastani wa asilimia 20.9. Kisha nusu yao wakahamishiwa sindano isiyo na dawa bila kujua, na katika wiki 52 zilizofuata uzito wao ulipanda kwa asilimia 14. Walioendelea na dawa walipungua kwa asilimia 5.5 nyingine. Linganisha na matokeo ya utafiti wa jimbo la Wisconsin, Marekani, yaliyochapishwa mwaka 2000, uliofuatilia watu 690 kwa miaka minne: ongezeko la asilimia 10 ya uzito lilikwenda pamoja na ongezeko la takriban asilimia 32 la AHI. Anayeacha dawa baada ya kuiuza au kuigawa mashine yake anaweza kujikuta, mwaka unaofuata, hana kinga hata moja.

Kuacha kabisa si njia pekee ya kupoteza nafuu. Wagonjwa wengi wakishafikia uzito wanaoutaka hupunguza dozi, au hujidunga kila baada ya siku kumi au kumi na nne badala ya saba, ama kwa sababu ya gharama ama kwa sababu hawataki kupungua zaidi. Kwa uzito peke yake mpango huo unaweza kufaa, na maelekezo ya Zepbound yanaruhusu dozi ya kudumisha ya miligramu 5. Kwa tatizo la pumzi, maelekezo yale yale yanataja miligramu 10 au 15, kwa kuwa hizo ndizo zilizojaribiwa. Mtu mmoja, sindano moja, magonjwa mawili, na dozi inayotosha kwa moja haijathibitishwa kwa la pili. Jambo hili linastahili kusemwa wazi katika kila mazungumzo ya kupunguza dozi.

Ukweli unanilazimu kutaja ushahidi unaoelekea upande mwingine. Katika utafiti wa Sleep AHEAD, uliowahusu watu wenye kisukari cha aina ya pili waliopungua kwa lishe na mazoezi, tofauti ya AHI kati yao na kundi la kulinganisha ilikuwa 9.7 baada ya mwaka mmoja na bado 7.7 baada ya miaka minne, ingawa walikuwa wamesharudisha karibu nusu ya kilo walizopunguza. Nafuu, basi, haiyeyuki papo hapo kilo zinaporudi. Lakini kuna utafiti mdogo wa mwaka 1994 kutoka Israel, wa watu 14 waliopunguza uzito kwa upasuaji. Idadi ya pumzi kukatika kwa saa ilishuka kutoka 40 hadi 11 miezi michache baada ya upasuaji, ikapanda tena hadi 24 miaka saba na nusu baadaye, bila uzito kuongezeka kwa kiasi cha maana. Watu 14 ni wachache mno kujengea sheria. Wanatosha, nadhani, kutufanya tusiamini kwamba kipimo kimoja kizuri ni cheti cha maisha.

Kisha kuna bima, ambayo Marekani huamua mengi kuliko daktari. Sheria ya mwaka 2003 iliizuia Medicare, bima ya serikali kwa wazee, kulipia dawa zinazotolewa kwa ajili ya kupunguza uzito tu. Idhini ya tatizo la pumzi ilifungua mlango wa pembeni, na kuanzia mwaka 2025 mipango ya Medicare iliweza kulipia Zepbound kwa wagonjwa hao. Mlango huo una kizingiti chake: ugonjwa ndio hati ya kuingilia, na mgonjwa anayepimwa akakutwa na AHI ya 4 ana sababu ya kuhofia kwamba mafanikio yake yatatumiwa kumnyima kilichoyaleta. Siwezi kumlaumu anayekwepa kupimwa tena kwa hofu hiyo, ingawa kukwepa huko ndiko kunakomwacha gizani. Mwenye shinikizo la damu linalodhibitiwa kwa vidonge haambiwi amepona kwa kuwa kipimo kimesoma vizuri, na hapaswi kunyang'anywa vidonge.

Kwa hiyo swali la mashine lisiulizwe siku mizani inaposoma namba ndogo kuliko zote. Liulizwe baada ya uzito kutulia kwa miezi kadhaa, kwa dozi ambayo mgonjwa anaweza kuimudu mwaka hata mwaka, kwa kipimo kilichofanywa bila mashine. Akipimwa akiwa kwenye miligramu 15 kisha akashuka hadi 5, majibu yale yalikuwa ya mtu mwingine. Apimwe upya, na hadi majibu yatakapotoka alale na barakoa yake, ya saizi ndogo kuliko ya zamani.