Namba 98 Kidoleni Haitoshi

Kwenye wodi ya watoto hakuna kinachotutuliza haraka kama oksimita, kifaa kinachopima oksijeni iliyomo kwenye damu. Klipu ikishabanwa kidoleni na skrini ikaonyesha 98, mama anashusha pumzi, nasi wauguzi tunasogea kitanda kinachofuata. Kifaa hiki, ambacho kanuni yake aliibuni Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya 1970, kimeokoa watoto wengi wa nimonia, na ninataka kila zahanati iwe nacho. Ila tunakidai jibu ambalo hakina.

Fikiria himoglobini, kibeba oksijeni ndani ya damu, kama daladala, na oksijeni kama abiria. Asilimia 98 inasema daladala zilizopo barabarani zimejaa abiria. Haisemi daladala ziko ngapi, wala kama njia inapitika.

Mchukue mtoto wa malaria kali, viganja vyeupe kabisa, himoglobini gramu 4 katika kila mililita 100 za damu. Gramu moja ya himoglobini hubeba kama mililita 1.34 za oksijeni. Mwenzake mwenye himoglobini 12 anabeba takriban mililita 16 katika kila mililita 100 za damu; huyu anabeba 5 tu. Oksimita itawasomea wote wawili 98. Mmoja wao anahitaji damu sasa hivi, na ukimwekea mashine ya oksijeni peke yake hujamaliza kazi.

Ndiyo maana nang'ang'ania mikono. Bonyeza kucha ya kidole gumba sekunde tano mpaka pawe peupe, achia, hesabu. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde tatu kurudi, damu haifiki vizuri pembezoni mwa mwili. Kisha pandisha mgongo wa kiganja chako kutoka kwenye nyayo za mtoto kuelekea gotini, usikie ubaridi unaishia wapi. Jana uliishia kifundoni, leo umefika katikati ya muundi: hiyo ni habari mbaya hata kama skrini haijabadilika. Muulize mama mtoto amekojoa saa ngapi mara ya mwisho. Mama anajua. Na penye kipimo cha laktati, kemikali inayopanda kwenye damu mwili unapokosa oksijeni ya kutosha, tone moja la damu linatosha. Kwa mtoto wa malaria, ikifika milimoli 5 kwa lita ni dalili ya hatari.

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya FEAST, utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi na Muheza zikiwemo, kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini. Waliomiminiwa dripu ya haraka walikufa kama asilimia 10.5 ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa, 7.3. Nimewasikia wenzangu wakisema basi, kucha na miguu baridi havina maana. Hapana! Dalili zilikuwa za kweli, watoto walikuwa hatarini kweli. Lililoanguka ni mazoea yetu ya kuona miguu baridi na kukimbilia chupa ya dripu kabla ya kuuliza tatizo ni damu kupungua, ni sukari, au ni moyo.

Vipo vibandiko vya paji la uso vinavyosoma oksijeni ya ubongo kwa mwanga usioonekana. Vinanivutia, na kwa mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa moyo naona umuhimu wake. Lakini SafeBoosC-III, utafiti wa mwaka 2023 kwa watoto njiti zaidi ya 1,500, haukuona vifo wala majeraha makubwa ya ubongo yakipungua kwa kuvitumia. Fedha zikiwa chache, nisingeanzia huko.

Ningeanzia kwenye karatasi ya kitandani. Nyingi nilizowahi kuzijaza zina safu ya joto, mapigo, upumuaji na oksijeni. Ziongezwe tatu: sekunde za kucha, ubaridi unapoishia, mkojo. Zijazwe kila saa kwa mtoto mahututi, na himoglobini na laktati zipimwe hapo hapo wodini, usiku kama mchana. Na muuguzi mmoja asiachiwe watoto wengi kiasi cha kukosa hizo sekunde chache za kubonyeza kucha.