Mgonjwa Wangu Alivuja Asali

Majirani zangu wa Pipeline, mtaa wa maghorofa Nairobi, huniita Daktari. Nimewaeleza mara nyingi kwamba mimi ni muuguzi, tena muuguzi mbichi ambaye leseni yake bado inanuka wino, lakini hawasikii. Nikipandisha mtungi wa maji, kabla sijafika ghorofa ya sita nimeshaonyeshwa ulimi wa mtoto, upele wa mgongo na goti la mzee wa duka. Nilipotangaza kwamba ninaenda Sierra Leone kujitolea miezi sita, wote walinipongeza isipokuwa keateka, msimamizi wa jengo letu, aliyeuliza neno moja tu: "Na kodi?"

Mama yangu, aliye Mwingi, naye alikuwa na lake. "Si huko ndiko kulikuwa na Ebola?"

"Mama, mlipuko ule uliisha 2016."

"Kama uliisha, basi kuna siku ulianza."

Wiki hiyohiyo akatuma kwa basi chupa tatu kubwa za asali. Kwa mama yangu ugonjwa usiosikia asali haujazaliwa.

Mimi ni mtu wa kujiandaa. Nikaamua kuanza kujizoeza shida nikiwa nyumbani: kuoga nusu ndoo, kulala bila stima, kubeba maji begani. Siku ya pili nikang'amua kwamba hayo yote ndiyo maisha ya Pipeline ya kila siku. Nilikuwa samaki anayejilipia mafunzo ya kuogelea. Nikabaki na kazi mbili, lugha na malaria.

Lugha ilikuwa tamu. Huko watu wengi huzungumza Krio. Ukitaka kumjulia mtu hali unamwambia "Aw di bodi?" naye akiwa mzima anajibu "Di bodi fayn." Nilijisalimia kwenye kioo asubuhi na jioni mpaka kioo kikanichoka.

Malaria ndiyo iliyoniponza. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake haimfai yule mbu. Kinga kidogo niliyotoka nayo nyumbani ilikuwa imeyeyuka kwa miaka ya mjini. Kliniki ya wasafiri ikanipa meflokwini, dawa ya kuzuia malaria, kidonge kimoja cha miligramu 250 kila wiki, nianze wiki mbili au tatu kabla ya safari. Huanzwa mapema kwa sababu baadhi ya watu huwaletea ndoto kali, na ni afadhali ujijue ukiwa kwenu. Aliyenihudumia aliniuliza kama nina shida yoyote ya usingizi. Nikacheka. Mimi nikilala, hata king'ora cha gari la zimamoto hunipita.

Jumapili ya pili nikameza kidonge, nikatundika neti kwenye msumari wa pazia, nikalala. Kando ya kitanda kulikuwa na begi la safari, begi la buluu nililolinunua Gikomba, refu kama mtu mzima mfupi, limeshapakiwa kila kitu.

Nikajiona niko wodini. Taa hafifu. Mgonjwa mnene kalazwa sakafuni, kimya, kavaa buluu.

"Aw di bodi?" nikamuuliza. Kimya. "Aw di bodi!" Hakuna jibu.

Sasa, chuoni tulifundishwa na mwalimu mkali sana. Moyo ukisimama, bonyeza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5, na usiogope mbavu. Sikuziogopa. Nikabonyeza, nikihesabu kwa sauti. Kwenye kumi na nane nikasikia kitu ndani kimefyatuka, pwa! Nikajiambia huo ni ubavu, endelea. Thelathini zilipotimia nikainama kumpa pumzi mbili. Mdomo wake ulikuwa na zipu, lakini mgonjwa hachaguliwi. Nikapuliza.

Hapo ndipo mikono yangu ilipoanza kulowa. Kitu kizito, cheusi, kinanata.

"Anavuja damu! Usife! Usinifie mikononi!"

Kuta za Pipeline mnazijua. Jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kutoka kitandani. Kwa hiyo saa tisa usiku ghorofa nzima ilisikia mapigo mazito, mwanamke akihesabu, kisha habari za damu. Mama pacha wa mlango wa pili alisikia lugha asiyoijua, akatoka na leso kichwani akaanza kukemea pepo. Kijana wa boda yeye alisikia "bodi" tu, akawatangazia wenzake kwamba humo ndani kuna maiti.

Keateka akavunja mlango kwa mtungi wa gesi wa kilo sita.

Walichokiona naweza kusimuliwa tu. Nimepiga magoti, neti imeniangukia kichwani kama shela ya bibi harusi, mikono inang'aa mpaka kwenye viwiko. Tochi za simu kama kumi zimenimulika. Hakuna aliyesema kitu. Mimi ndiye niliyesema, kwa ile sauti ya wodini: "Msisimame hapo kama milingoti! Leteni bandeji!"

Kijana wa boda, Mungu ambariki, alikimbia akaleta karatasi ya choo.

Kisha pacha mmoja akapenya katikati ya miguu ya watu, akachovya kidole sakafuni, akaramba. "Mama, ni tamu."

Yowe alilopiga mama yake ndilo lililoniamsha.

Chupa mbili zilikuwa zimefyatuka vifuniko. Sare zangu mpya zililowa, lakini kilichoniuma ni kadi ya manjano iliyokuwa kwenye mfuko wa pembeni. Chanjo ya homa ya manjano ni sindano moja. Cheti huanza kazi baada ya siku 10, na tangu 2016 hukubalika kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Changu kiliishi siku kumi na tisa. Nilipokipeleka kliniki, muuguzi alikifungua kikamganda vidoleni, na sisimizi akatoka ukurasa wa pili akitembea bila haraka. Nikaeleza yote. Akaandika upya cheti, akanibadilishia dawa, nikapewa doksisaiklini ya kila siku, na muda wote huo alikuwa akiuma midomo.

Keateka alinidai shilingi 1,800 za kitasa na bawaba. Siku hizi hakuna anayenionyesha ulimi kwenye ngazi. Ila kila Jumapili jioni mama pacha hugonga ukuta: "Daktari, leo hatumezi?"

Nilimpigia mama simu nikamsimulia kila kitu. Alisikiliza kimya mpaka mwisho.

"Huyo mtoto aliyeramba," akasema, "alisema ni tamu?"

"Alisema, mama."

"Basi mwambie mama yake chupa ni mia sita."